Video ya 3D kutoka kamera mbili hadi sebuleni: mwongozo kamili wa kusimba

Televisheni za 3D ziliacha kutengenezwa zamani. Samsung waliachana nazo 2016, LG na Sony 2017. Hata hivyo zile za okazyo, zilizotumika Ulaya kisha zikashushwa Lubumbashi, bado zinaning'inia sebuleni, na wenyewe wengi hawajawahi kubonyeza kitufe cha 3D kwenye telekomandi kwa sababu moja tu: hawana cha kutazama. Njia rahisi ya kupata kitu cha kutazama ni kujirekodia. Arusi, ubatizo, watoto chini ya mijakaranda iliyochanua, vile vichuguu virefu kuliko nyumba ukitoka nje ya mji: vyote hivyo vikiwa na kina vinapendeza kuliko filamu nyingi za kununua.

Unahitaji kamera mbili zinazofanana, kompyuta ya kawaida, na FFmpeg, programu ya bure ya kusimba video, yaani kuibana na kuibadilisha umbizo. Wanaoshindwa hushindwa kwa sababu wanaanzia mwisho. Wanauliza umbizo lipi ni bora, wanalichagua, wanafuta picha za mwanzo ili kupata nafasi, na baada ya miezi wakipata televisheni ya aina nyingine hawana pa kurudi. Mimi nafanya kazi hivi: natunza faili mama lenye picha mbili kamili, kushoto na kulia, halafu natoa nakala moja kwa kila kioo kitakachotumika. Mwongozo wote huu unafuata mpango huo.

Jua kioo kabla ya kugusa kompyuta

Televisheni za 3D ni za aina mbili. Kama miwani yake ina kitufe cha kuwasha na betri, hiyo ni ya miwani ya betri: kioo kinaonyesha picha ya kushoto, halafu ya kulia, kwa zamu ya haraka sana, na miwani inaziba jicho moja moja kufuata zamu hiyo. Kama miwani ni ya plastiki tupu, nyepesi kama ile ya jumba la sinema, basi kioo chenyewe kina utando unaogawa mistari: mstari mmoja wa jicho la kushoto, unaofuata wa jicho la kulia. Kioo cha mistari 1080 kinalipa kila jicho mistari 540 tu.

Ukinunua televisheni ya miwani ya betri bila miwani yake, umenunua televisheni ya kawaida. Omba muuzaji awashe 3D, vaa miwani, fumba jicho moja kisha jingine. Picha isiposogea hata kidogo, kuna kitu hakifanyi kazi. Ya plastiki haina shida hiyo, lakini ina ugonjwa wake: haipendi kutazamwa kutoka chini. Itundike juu ukutani, watoto wakae sakafuni mbele yake, na utasikia, "Yaya, mbona mimi naona watu wawili-wawili?" Dawa si kusimba upya. Shusha kioo, au warudishe watoto nyuma.

Baada ya televisheni kuna kofia za VR, zile zinazovaliwa machoni, kuna projekta, na kuna kompyuta au simu ambayo haina chochote cha 3D. Hiyo ya mwisho inahudumiwa na miwani ya karatasi yenye rangi nyekundu na samawati.

Kurekodi

Chukua kamera mbili za aina moja na toleo moja. Kamera ndogo za michezo zinafaa kuliko simu kwa sababu ni nyembamba na lenzi zinakaribiana zaidi. Macho ya mtu mzima yameachana kwa wastani wa milimita 63 hadi 65, na wapiga picha wa stereo wana kanuni ya kale inayosaidia sana: kitu cha mbele kabisa kiwe mbali angalau mara 30 ya nafasi iliyo kati ya lenzi. Kamera mbili ndogo zikigusana, lenzi zinaachana sentimita 6 na nusu hivi, basi mtu wa mbele asimame mita 2. Simu mbili zilizolazwa zikifuatana lenzi zake huachana sentimita 15 au 16, kwa hiyo mtu wa mbele awe karibu mita 5. Kwa bwana na bibi arusi wakiingia ukumbini inatosha. Kwa keki mezani haifai.

Usishawishike kuigeuza simu moja kichwa chini ili lenzi zikaribiane. Sensa ya simu husoma picha mstari kwa mstari. Ukigeuza moja, zinasoma kwa mielekeo inayopingana, na mkono wa mchezaji ngoma utapindia huku kwenye jicho moja na kule kwenye jingine.

Zifunge kamera kwenye ubao mmoja, zitazame mbele sambamba. Usizielekeze zikutane, kwa sababu pembe za picha zitapishana juu na chini, na macho hayavumilii mpishano wa namna hiyo. Zima kitulizi cha mtikisiko kwenye kamera zote mbili. Kila kimoja kinasogeza picha kivyake na hakuna programu itakayokurudishia ulinganifu baadaye. Funga mwangaza, fokasi na rangi. Rekodi fremu 60 kwa sekunde ikiwezekana, hata kama nakala ya mwisho itakuwa ya 30, kwa sababu kamera hizi hazijaunganishwa na tofauti kati yake inaweza kufika nusu fremu. Kwa fremu 30 hiyo ni milisekunde 17, ya kutosha kuharibu vidole vya mpiga gita. Kwa 60 inabaki 8.

Kamera zote zikishaanza, piga kofi moja kubwa mbele yake. Kisha ziba lenzi ya kulia kwa kiganja kwa sekunde tatu. Kofi ni la kulinganisha muda. Kiganja kitakuonyesha baadaye kama macho yamebadilishana. Ukimaliza, piga kofi jingine kabla ya kuzima.

Kulinganisha muda

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, usiharakishe. Nakili mafaili na kuyaita kushoto.mp4 na kulia.mp4. Fungua moja kwa mpv, programu ya kuchezesha video:

`mpv --osd-level=3 --osd-fractions kushoto.mp4`

Kitufe cha nukta kinasogeza fremu moja mbele, cha mkato kinarudisha nyuma. Tafuta fremu ambayo viganja vimegusana kwa mara ya kwanza, andika muda wake. Fanya vivyo hivyo kwa kulia. Tuseme kushoto kofi liko 3.217 na kulia 3.333. Tofauti ni 0.116, zidisha kwa 60, unapata fremu 7. Kofi la kulia limechelewa ndani ya faili, maana yake kamera ya kulia ilianza mapema, kwa hiyo fremu 7 zitakatwa mwanzoni mwa kulia. Sauti chukua ya upande usiokatwa.

Simu nyingi hazirekodi fremu kwa mwendo uliosawa: zinasema 60 lakini zinapungua mwanga ukififia. Ndiyo maana amri ya chini inaanza na fps=60 kabla ya kukata. Ukiruka hatua hiyo, kofi la mwanzo litakubaliana na la mwisho litakataa. Likikataa hata baada ya hapo, saa za kamera zenyewe zinatofautiana. Kata video vipande pale ambapo hakuna anayetembea na ulinganishe kila kipande upya.

Kulinganisha picha, na kuandika faili mama

Kamera hata zikifungwa vizuri vipi, moja itakuwa juu kidogo. Andika kwanza kipande cha majaribio cha sekunde 30 bila kurekebisha kitu:

`ffmpeg -i kushoto.mp4 -i kulia.mp4 -filter_complex "[0:v]fps=60[k];[1:v]fps=60,trim=start_frame=7,setpts=PTS-STARTPTS[l];[k][l]hstack[v]" -map "[v]" -t 30 -c:v libx264 -crf 18 jaribio.mkv`

Kisha kitazame kwa rangi, bila miwani:

`ffplay -vf stereo3d=sbsl:arcg jaribio.mkv`

Utaona kila kitu kina ukingo mwekundu upande mmoja na wa samawati upande wa pili. Ukingo wa kushoto na kulia ni halali, ndio unaozaa kina. Ukingo wa juu na chini ni kasoro. Simamisha picha kwenye kitu chenye mstari wa mlalo, kama ukingo wa meza au ubao wa dirisha, na ukadirie umepishana pikseli ngapi. Tuseme picha ya kulia iko chini kwa pikseli 12.

Jambo la pili ni mahali pa kuweka kioo. Kamera zikitazama sambamba, milima ya mbali inakaa kwenye kioo chenyewe na watu wote wanarushwa mbele yake, mpaka macho yanachoka. Kusukuma mandhari yote nyuma, unakata ukingo wa kushoto wa picha ya kushoto na ukingo wa kulia wa picha ya kulia. Mimi nakata pikseli 40. Kuna mpaka usiovukwa: kitu cha mbali kisipishane kwenye kioo zaidi ya nafasi ya macho, milimita 65, la sivyo macho yanalazimishwa kutazama nje, jambo ambalo hayajawahi kufanya tangu kuzaliwa. Kwenye televisheni ya inchi 55, yenye upana wa sentimita 122 hivi, mpaka huo ni pikseli 102 kati ya 1920. Kwenye projekta inayojaza ukuta wa mita 2 ni 62 tu. Pikseli 40 zinakuacha salama hadi upana wa karibu mita 3, na huwezi jua ni nani ataiazima video hiyo kwa ajili ya projekta ya kanisa.

Amri kamili sasa:

`ffmpeg -i kushoto.mp4 -i kulia.mp4 -filter_complex "[0:v]fps=60,crop=1880:1056:40:6,scale=1920:1080,setsar=1[k];[1:v]fps=60,trim=start_frame=7,setpts=PTS-STARTPTS,crop=1880:1056:0:18,scale=1920:1080,setsar=1[l];[k][l]hstack=shortest=1[v]" -map "[v]" -map 0:a -c:v libx264 -preset medium -crf 14 -pix_fmt yuv420p -c:a copy -shortest -metadata:s:v:0 stereo_mode=left_right mama.mkv`

Namba mbili za mwisho katika kila crop ndizo mahali pa kuanzia: mlalo, kisha wima. Tofauti ya 6 na 18 ndiyo zile pikseli 12. Tumia namba shufwa tu, kwa sababu rangi za video huhifadhiwa kwa pikseli mbili mbili na FFmpeg itazisogeza yenyewe ukiipa witiri. Matokeo ni picha ya 3840 kwa 1080, macho mawili kamili ubavu kwa ubavu. Itazame tena kwa arcg. Ukingo wa juu na chini ukishapotea, endelea.

Nimeandika .mkv kwa makusudi. Faili la MP4 huandika orodha yake ya ndani mwishoni kabisa, kwa hiyo delestaji, yaani mgao wa umeme, ikikukuta katikati unabaki na faili lisilofunguka. MKV iliyokatika inafunguka hadi pale ilipofikia. Kama kompyuta yako haina betri ya kuaminika na jenereta ni ya jirani, hii si anasa.

Nakala ya televisheni

Mbona usiipeleke mama.mkv moja kwa moja kwenye flashi? Kwa sababu televisheni za enzi ile nyingi zina dekoda (kisomaji) ya H.264, njia ya kubana video, ya kiwango cha 4.1, ambacho ukomo wake ni vipande 8192 vya pikseli 16 kwa 16 kwa fremu. Fremu ya 1920 kwa 1080 ina 8160, inapenya kwa shida. Ya 3840 ina 16,320, na kioo kitakuandikia kwamba hakilijui faili. Kiwango hicho hicho hakipokei 1080 kwa fremu 60, ndiyo maana nakala zote za televisheni zinashuka hadi 30.

Kwa hiyo macho mawili yanabanwa ndani ya fremu moja ya kawaida, na kuna njia mbili. Ubavu kwa ubavu: kila jicho linabaki 960 kwa 1080. Juu na chini: kila jicho linabaki 1920 kwa 540. Watu wengi wanatumia ya kwanza kwa mazoea tu. Mimi napendelea ya pili, na sababu ni mbili. Kina kinatokana na tofauti ya mlalo, kwa hiyo ukikata upana unakata kina. Ukikata kimo hukigusi. Halafu televisheni ya miwani ya plastiki inakupa mistari 540 kwa jicho hata ufanye nini: ukiipelekea juu na chini haupotezi kitu, ukiipelekea ubavu kwa ubavu kila jicho linabaki na 960 kwa 540, robo ya picha uliyorekodi.

Sasa, ubavu kwa ubavu ulitoka wapi? Kwenye matangazo ya televisheni. Picha za 1080i zinagawa mistari ya fremu katika nusu mbili, na ukizipunguza kimo tena zinavurugika, kwa hiyo huko ilikuwa afadhali kukata upana. Kiwango cha HDMI 1.4a cha 2010, cha waya unaoleta picha kwenye televisheni, kinaonyesha hivyo hivyo: kinalazimisha ubavu kwa ubavu kwa 1080i, na juu na chini kwa 1080p ya fremu 24 na kwa 720p, ambazo hazigawi mistari. Video yako haina nusu-mistari, basi huna haja ya kurithi shida hiyo.

Juu na chini:

`ffmpeg -i mama.mkv -filter_complex "[0:v]fps=30,split[a][b];[a]crop=1920:1080:0:0,scale=1920:540[k];[b]crop=1920:1080:1920:0,scale=1920:540[l];[k][l]vstack,setsar=1[v]" -map "[v]" -map 0:a -c:v libx264 -preset slow -crf 18 -maxrate 8M -bufsize 16M -level 4.1 -x264-params frame-packing=4 -c:a copy arusi.3D.HTAB.mkv`

Ubavu kwa ubavu, kwa kioo kinachokataa ile ya kwanza:

`ffmpeg -i mama.mkv -vf "fps=30,scale=1920:1080,setsar=1" -c:v libx264 -preset slow -crf 18 -maxrate 8M -bufsize 16M -level 4.1 -x264-params frame-packing=3 -c:a copy arusi.3D.HSBS.mkv`

Ile frame-packing inaandika ndani ya video kwamba macho yamepangwaje, na baadhi ya vioo vinajigeuza vyenyewe kuwa 3D vikiisoma. Visipojigeuza, bonyeza 3D na uchague mchoro unaolingana. Herufi za HTAB na HSBS kwenye jina ni kwa ajili ya Kodi, programu ya kuchezesha video inayosoma jina la faili.

Flashi nyingi huja zikiwa na FAT32, ambayo haipokei faili linalozidi GB 4. Kwa megabiti 8 kwa sekunde, arusi ya saa mbili ni GB 7 na kitu. Kata vipande vya dakika 40 mwishoni, bila kusimba upya:

`ffmpeg -i arusi.3D.HTAB.mkv -c copy -f segment -segment_time 2400 -reset_timestamps 1 arusi-%02d.3D.HTAB.mkv`

Kioo kikikataa .mkv, badilisha kontena tu, yaani ganda la faili: -c copy -movflags +faststart, na jina liishie .mp4.

Washa, vaa miwani, ngoja pale ulipoziba lenzi ya kulia. Fumba jicho la kushoto: uone giza. Ukiona picha, macho yamebadilishana. Kabla ya kusimba upya tafuta kwenye menyu ya 3D chaguo la kugeuza kushoto na kulia, lipo karibu kwenye kila televisheni.

Nakala ya nyekundu na samawati

Hii ndiyo utakayompa shangazi aliye Likasi au Kolwezi bila televisheni ya 3D. FFmpeg ina hesabu ya Eric Dubois, inayopunguza vivuli na kuchosha macho kidogo kuliko kuchanganya rangi hivi hivi:

`ffmpeg -i mama.mkv -vf "stereo3d=sbsl:arcd,fps=30" -c:v libx264 -preset slow -crf 16 -pix_fmt yuv420p -c:a copy -metadata:s:v:0 stereo_mode=mono arusi-rangi.mkv`

Nimeipa crf 16 (namba hiyo ikishuka, ubora unapanda) kwa sababu hapa rangi ndiyo inayobeba macho, na video ya kawaida huhifadhi rangi kwa ukali wa robo tu ya mwangaza. Ukiibana sana, jicho la kushoto linavuja ndani ya la kulia. Kwa hiyo usiitume kama video ya WhatsApp. Itume kama hati, au kwa flashi. Nguo nyekundu kabisa itametameta vibaya kwa njia hii, hakuna dawa, na bibi arusi hakushauriana nawe alipoichagua.

Kofia za VR na simu

Kofia inasoma picha kubwa, kwa hiyo usibane kitu. mama.mkv yenyewe, ikipunguzwa uzito kwa libx265 -crf 22, inatosha. Ipe jina linaloishia _LR ili programu nyingi za kofia zijue mpangilio. Kifuko cha karatasi cha kutia simu nacho kinatumia faili hilo hilo.

Apple wana njia yao, MV-HEVC, ambayo iPhone 15 Pro inarekodi na Vision Pro inaionyesha. Inahifadhi jicho moja kikamilifu, na la pili kama tofauti tu, kwa hiyo kifaa kisichojua 3D kinaonyesha jicho la kwanza bila kulalamika. FFmpeg inaisoma tangu toleo la 7.1 na x265 imeanza kuiandika tangu 4.0, zote za 2024. Kama hakuna mtu nyumbani mwenye kifaa hicho, iache.

Blu-ray 3D inatumia wazo hilo hilo kwa H.264, kwa jina la MVC. x264, kisimbaji tulichotumia hapo juu kwa jina la libx264, haiiandiki kabisa, na televisheni haiichezi kutoka kwenye flashi kwa uhakika. Kuna watu wanaihangaikia kwa sababu inalipa kila jicho 1080 kamili. Kwenye kioo cha miwani ya plastiki hutaona faida yoyote. Kuhusu kupishanisha mistari ya kushoto na kulia ndani ya faili lenyewe, kama kioo kinavyofanya: kila kubana na kila kubadili ukubwa kunaichanganya mistari, na 3D inakufa. Usiifanye hata ukiulizwa.

Ukihitaji nakala ya kawaida ya 2D kutoka faili mama, ni -vf crop=1920:1080:0:0 -metadata:s:v:0 stereo_mode=mono na basi. Faili mama weka kwenye diski mbili tofauti; kushoto.mp4 na kulia.mp4 unaweza kuzifuta baada ya kuitazama video yote mara moja kwa miwani, hadi kofi la mwisho.